Nani Anachomeka Waya?

Niliwahi kualikwa katika shule ya sekondari ya wasichana kutazama kipindi cha kompyuta. Chumba kilikuwa safi kuliko ofisi nyingi nilizoingia maishani. Mashine zilifunikwa vitambaa, viatu vilivuliwa mlangoni, na ukutani lilibandikwa bango la sheria zilizoanza zote kwa namna moja: usile, usiguse waya, usichomeke flashi, usibadilishe chochote. Mwalimu aliuliza kazi ya kichakato ni nini, mikono ikainuka chumba kizima. Akauliza tofauti ya kumbukumbu ya muda na ya kudumu, akajibiwa neno kwa neno kama ilivyo kitabuni. Kisha akataka kuchapa karatasi ya zoezi, printa ikagoma. Akabonyeza mara mbili tatu, akatoa simu, akampigia fundi. Fundi alikuwa mbali, angefika kesho. Kipindi kilichobaki wasichana walinakili zoezi kutoka ubaoni.

Baadaye niliambiwa tatizo lilikuwa waya uliolegea nyuma ya printa.

Simcheki mwalimu. Alifuata utaratibu wa shule yake, na utaratibu ulisema kifaa kikigoma aitwe fundi. Linalonisumbua ni kwamba mle ndani mlikuwa na wasichana arobaini na kitu, na hakuna hata mmoja aliyeinama kuchungulia nyuma ya printa. Wala hawakujaribu wakashindwa. Haikuwajia kabisa kwamba huko nyuma ni mahali panapowahusu.

Tunapojadili kompyuta katika shule za wasichana, mazungumzo hukimbilia idadi: mashine ngapi, wanafunzi wangapi kwa mashine, intaneti ipo au haipo. Ni maswali ya haki, ila Peru ilikwisha kuonyesha yanapoishia. Nchi hiyo iligawa kompyuta ndogo zaidi ya 800,000 kwa wanafunzi. Tathmini iliyotolewa mwaka 2012 na benki ya maendeleo ya bara lile, baada ya kufuatilia shule 319 za vijijini, haikuona badiliko katika alama za hisabati wala za lugha. Mashine zilifika, ufundishaji ukabaki ulivyokuwa. Swali langu ni dogo, na pengine linakera zaidi kuliko la idadi. Waya ukichomoka, nani anauchomeka?

Shule ya wasichana ina faida ambayo shule ya mchanganyiko haina, na inashangaza jinsi tunavyoitupa. Katika chumba chenye wavulana na wasichana, watatu wakigawana mashine moja, tazama ni mkono wa nani uko juu ya kipanya. Mara nyingi ni wa mvulana. Msichana yuko pembeni na daftari, anaandika matokeo kwa mwandiko mzuri. Hakuna aliyepanga iwe hivyo, na ukiwauliza wote watatu watakwambia walishirikiana. Shule ya wasichana inamwondoa mwenye mkono huo, kiti cha mbele kinabaki wazi. Halafu shule yenyewe inamrudisha kwa simu kila kifaa kinapogoma, na wasichana mia tano wanajifunza somo ambalo halimo kwenye mtaala: kutumia ni kwenu, kutengeneza ni kwa yule anayekuja na mkoba.

Si suala la uwezo. Mwaka 2013 shirika la kimataifa la tathmini ya elimu, IEA, liliwapima wanafunzi wa miaka kama 14 katika mifumo ya elimu 21, kuona wanavyotumia kompyuta kutafuta habari, kuzipanga na kuziwasilisha. Karibu kote wasichana waliwapita wavulana. Ila walipoulizwa wanajiamini kiasi gani katika kazi nzito zaidi, kama kuunda programu au kusimika mtandao, waliojipa alama za juu walikuwa wavulana. Kipimo kiliporudiwa mwaka 2018, pengo hilo la kujiamini lilikuwa palepale. Kwa hiyo msichana anayemzidi kaka yake kwa alama anatoka chumba cha mtihani akiamini kwamba mwenye kompyuta ni kaka.

Na kinachochekesha, waya ulianza mikononi mwa wanawake, tena kwa maana halisi ya neno waya. Mwaka 1945 jeshi la Marekani lilichagua wanawake sita miongoni mwa waliokuwa wakipiga hesabu za mizinga kwa mkono, likawapa ENIAC, mashine iliyokuwa ikijengwa katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Ilikuwa na uzito wa tani karibu 30 na taa za kioo zipatazo 18,000 zilizofanya kazi ya swichi. Kibodi haikuwapo, skrini haikuwapo. Kuandaa programu kulikuwa kuburuta nyaya kutoka kabati hadi kabati, kuzichomeka na kupanga swichi moja moja. Mwanzoni hawakuruhusiwa hata kuingia chumbani kwa sababu za usalama wa jeshi. Walipewa michoro ya saketi, wakaisoma mashine kwenye karatasi kabla ya kuigusa. Baadaye waliijua kiasi cha kuweza kufuatilia hitilafu hadi karibu na taa yenyewe iliyoungua. Walikuwa Kay McNulty, Jean Jennings, Betty Snyder, Marlyn Wescoff, Frances Bilas na Ruth Lichterman. Mashine ilipoonyeshwa hadharani Februari 1946, hesabu iliyowaacha wageni midomo wazi ilikuwa kazi ya mikono yao. Usiku kulikuwa na karamu ya kupongezana. Hawakualikwa.

Sasa waya huo ulitokaje mikononi mwao? Marekani ndiko takwimu zilikotunzwa vizuri. Katikati ya miaka ya 1980 wanawake walikuwa asilimia kama 37 ya waliohitimu shahada ya kwanza ya sayansi ya kompyuta. Kufikia 2010 walikuwa wameshuka hadi asilimia 18 hivi. Sababu ni zaidi ya moja, lakini mojawapo iliingia mlangoni ikiwa ndani ya boksi: kompyuta ya nyumbani. Ilitangazwa kama kitu cha wavulana, ikapelekwa chumbani kwa mvulana. Jane Margolis na Allan Fisher, waliowahoji wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon katika miaka ya 1990, walikuta simulizi hiyo ikijirudia: mashine ni ya familia, inakaa kwa kaka, dada akiitaka anabisha hodi. Kijana alifika chuoni akiwa na miaka ya kuchokonoa nyuma yake, na msichana aliyeketi naye alidhani ni kipaji cha kuzaliwa. Chuo kilipoacha kutanguliza uzoefu wa awali katika udahili, kikawapa wageni wa fani njia yao ya kuanzia, wanawake waliongezeka kutoka asilimia 7 ya walioingia mwaka 1995 hadi asilimia 42 mwaka 2000. Malaysia nayo ilikwenda upande mwingine kabisa. Kule kazi ya kompyuta ilionekana ni ya ndani, safi, ya mezani, inayomfaa binti wa watu, na wanawake wakafika nusu ya darasa au zaidi katika baadhi ya vitivo. Kompyuta ni ileile.

Neno ninalotaka tukae nalo ni kuchokonoa. Katika lugha yetu si neno la sifa, na kwa msichana ni karibu tusi. Mvulana akifungua redio ya nyumbani na kushindwa kuirudisha, watu wazima wanatikisa kichwa na kusema huyu atakuwa fundi. Msichana akiifungua anaulizwa nani kamtuma. Hapo ndipo bango la "usi-" linapopata nguvu, kwa sababu linamkuta msichana aliyekwisha kulelewa nalo. Mvulana anayesoma "usiguse waya" ataugusa mwalimu akigeuka, na kwa utundu huo atajifunza. Msichana atatii. Sheria ni moja, ila inamfundisha mmoja na kumnyima mwingine, na shule inampongeza aliyenyimwa kwa nidhamu yake.

Piga hesabu ya chumba cha kawaida. Kipindi kimoja cha dakika 40 kwa wiki. Ondoa dakika 10 za kuingia, kuwasha na kukumbushana nywila. Zinabaki 30, na wasichana ni watatu kwa mashine, kwa hiyo kila mmoja ana dakika 10 za kuweka vidole kwenye kibodi. Mwaka ukiwa na wiki 36 za masomo, ni saa 6, tena zimekatwa vipande vidogo hivyo kwamba kila wiki unaanza kwa kukumbuka ulipoishia. Wakati huohuo chumba kinafungwa kuanzia saa kumi jioni, Jumamosi nzima na Jumapili nzima, na ufunguo uko mfukoni mwa mtu mmoja. Kabla ya kuomba mashine nyingine ishirini ningeuliza kwanza kuhusu huo ufunguo. Ningewapa wasichana sita wa kidato cha tatu, kwa zamu, wawe na daftari la kuingia na kutoka, na wawajibike. Shule hizihizi zinawaamini wasichana kusimamia mabweni, maktaba na maabara yenye tindikali. Kibodi ni hatari kuliko tindikali?

Kuhusu cha kufundisha, najua jibu la kisasa. Achana na kuchapa barua na kupaka fonti rangi, fundisha kuandika programu. Mimi mwenyewe nililiamini jibu hilo kwa muda, hadi nilipoona yaliyotokea Uingereza. Kuanzia 2014 somo la kompyuta lilibadilishwa huko, lile la matumizi likaondolewa hatua kwa hatua na sayansi ya kompyuta ikashika nafasi. Mwaka 2015 wasichana walikuwa asilimia 43 ya waliofanya mtihani wa taifa wa somo la zamani wakiwa na miaka 16. Mwaka 2023, katika somo jipya, walikuwa asilimia 21. Nia ilikuwa njema na somo lilikuwa zito zaidi, ila mlango ulikuwa mwembamba. Lililokuwa likidharauliwa kama kazi ya ukarani lilikuwa angalau limewaweka wasichana chumbani.

Kwa hiyo siwaonei haya wanaofundisha kuchapa kwa vidole kumi. Anayechapa bila kutazama kibodi ana akili yote ya kufikiria anachoandika. Wala siidharau programu ya majedwali. Msichana aliyeweza kuandika fomula ya kujumlisha, akainakili chini kwenye mistari mia na kuona yote imejijaza, ameandika programu hata kama hakuna aliyemwambia. Ninachopinga ni kufundisha vitu hivyo kama hatua za kukariri: bofya hapa, kisha hapa, kisha hapa. Toleo likibadilika na kitufe kikahama, elimu yote imehama nacho. Mpe jedwali lenye makosa yaliyofichwa, jumla isiyolingana, tarehe iliyoandikwa kama maneno, jina lililorudiwa mara mbili, umwambie kuna makosa manne na hutamwonyesha hata moja. Chumba kitabadilika sauti.

Seymour Papert, mmoja wa waliobuni lugha ya Logo mwaka 1967 pamoja na Wally Feurzeig na Cynthia Solomon ili watoto waweze kuiamuru kompyuta, alikuwa na hoja ambayo nadhani inawahusu wasichana wetu kuliko yeyote. Shuleni jibu huwa sahihi au si sahihi, na lisipo sahihi unafuta haraka mwenzako asione. Kwenye programu karibu hakuna kinachofanya kazi mara ya kwanza, kwa hiyo swali la maana ni kama linatengenezeka. Mwanafunzi bora wa shule ya wasichana, yule wa daftari lisilo na alama nyekundu, ndiye anayeumia zaidi hapa. Miaka kumi amelipwa kwa kutokosea. Anawekwa mbele ya mashine inayomjibu kwa kosa kila dakika, anahitimisha kwamba hajaumbiwa hili. Waswahili wana usemi kwamba kuvunja koleo si mwisho wa uhunzi, na karakana ya mhunzi ingekuwa mahali pazuri pa kumfundishia, maana pale hakuna anayeshangaa chuma kikipinda.

Ndiyo maana ningeanza na matengenezo. Wengi wanadhani matengenezo huja baada ya kozi, kwa wachache wenye hamu. Mimi ningeyaweka muhula wa kwanza kabisa, kwa wote, kwa sababu ni mahali ambapo kosa si la msichana. Mashine ndiyo mgonjwa, yeye ni daktari.

Vyumba vya shule vimejaa wagonjwa wazuri kwa mafunzo. Ipo mashine inayowaka ikilia milio mifupi bila picha. Mara nyingi kadi ya kumbukumbu ya muda (RAM) imelegea, na dawa yake ni kuzima, kuchomoa waya wa umeme, kugusa chuma ili umeme tuli ukutoke mwilini, kuitoa kadi, kusugua meno yake kwa kifutio cha penseli na kuirudisha hadi ilie "tak". Ipo inayosema kila asubuhi kwamba tuko miaka mingi iliyopita, na kivinjari chake kinakataa kufungua tovuti kwa madai kwamba si salama. Shule inalaumu mtandao. Kumbe ni betri ndogo bapa kama sarafu kwenye ubao mkuu imekwisha, saa ya mashine imerudi nyuma, na vyeti vya tovuti, yaani vitambulisho vyake vya usalama, vinaonekana ni vya tarehe ambayo bado haijafika. Msichana akiligundua hilo mwenyewe amejifunza mambo mawili kwa mpigo: betri, na kwamba usalama wa intaneti unategemea saa. Ipo na flashi ambayo folda zake zote zimegeuka kuwa vijia vya mkato (shortcut). Watu wanalia kwamba kazi ya muhula imefutwa, na haijafutwa. Virusi vimezificha tu folda, na mstari mmoja wa attrib, amri ya Windows ya kuficha na kufichua mafaili, unazirudisha zikiwa nzima. Nimeona chumba cha walimu kikimtazama mtu aliyefanya hivyo kana kwamba ni mganga. Fikiria mtu huyo awe msichana wa miaka 15, amesimama mbele ya mwalimu wake wa hisabati.

Yapo ya kukataza bado. Kisanduku cha umeme ndani ya mashine hakifunguliwi, kwa kuwa hubaki na chaji hata kikiwa kimechomolewa, na skrini za zamani zenye mgongo ni vilevile. Sheria mbili hizo zikiandikwa ukutani pamoja na sababu zake, zitatiiwa kuliko zile ishirini zisizo na sababu.

Sababu nyingine ya kuupa uzito mkono unaochomeka haimo shuleni kabisa. Msichana asiyejua kufungua akaunti atafunguliwa. Atafunguliwa na binamu, na mpenzi, na kijana wa dukani anayetengeneza simu, na kila mmoja wao ataondoka akijua nywila, au namba ya kurejeshea akaunti itakuwa ya kwake. Miezi ikipita na uhusiano ukiharibika, picha zinajulikana ziko wapi na mlango wake nani ana ufunguo. Shule nyingi hulijibu tishio hili kwa kufunga: hakuna simu, hakuna mitandao, intaneti izimwe. Msichana anatoka pale akiwa na cheti, hajui kuangalia ni vifaa vingapi vimeingia kwenye akaunti yake, hajui kuwasha uthibitisho wa hatua mbili, hajui kwamba picha iliyopigwa kwa simu inaweza kubeba ndani yake mahali ilipopigwa, na hajui kwamba akitishiwa ahifadhi ujumbe kwanza kabla ya kuufuta kwa hofu. Hayo ni masomo ya vipindi vinne. Sijaona mtaala unaoyapa vinne.

Nikiyasema haya mbele ya wakuu wa shule, pingamizi linalokuja kwanza si la wanawake na teknolojia. Ni la rejista. Kila mashine ina namba, namba iko kwenye daftari la mali, na kando ya namba kuna sahihi ya mwalimu. Msichana akiivunja kadi ya kumbukumbu, atakayeandika maelezo ni mwalimu, na wakaguzi hawana safu ya "iliharibika wanafunzi wakijifunza". Ndiyo maana kuna vitambaa, na bango, na namba ya fundi kwenye simu. Mwalimu anailinda sahihi yake, na mimi ningefanya hivyohivyo.

Basi tuanzie kwenye daftari hilo. Kila shule niliyoitembelea ina kona ya mashine zilizokufa, zimepangwa juu kwa juu zikisubiri kufutwa kwenye orodha, wakati mwingine kwa miaka. Zifutwe tatu. Kikao kiandike kwenye kumbukumbu kwamba mashine namba fulani, fulani na fulani zimetolewa kwenye mali ya shule na kuwa za kufungulia, na kwamba hakuna atakayeulizwa zikiharibika zaidi. Ziwekwe meza ya nyuma pamoja na bisibisi mbili, kifutio na kikombe cha kuwekea skrubu. Katika shule ile ya printa nililitoa wazo hili chumba cha kompyuta, wasichana wakisikia. Mwalimu akasema atalipeleka kwenye kikao. Msichana mmoja wa safu ya tatu akainua mkono, akauliza kama kati ya hizo tatu itakuwemo ile ya dirishani, maana yeye anadhani haijafa.